Ufunguo wa Darini: Kumbukumbu ya Bibi Irmtraud Kaschner

Umetimia mwaka, Bibi Traudel, kama wote tulivyozoea kukuita, tangu asubuhi ile ya Novemba uliposema kahawa ni chungu, ukageukia ukutani, usigeuke tena.

Kiti chako bado kipo dirishani. Till, mjukuu wako, hukikalia akija kututembelea, kisha hukumbuka, akainuka na kuhamia kwenye kochi.

Tangu usichana wako hadi kiwanda cha glasi kilipofungwa, kazi yako ilikuwa moja: kugonga kila glasi kwa ukucha na kusikiliza kama ina ufa. Tabia hiyo ulirudi nayo nyumbani. Hakuna mgeni aliyekunywa kwako kwa kikombe ambacho hakijagongwa. Hata kwenye harusi ya baba na mama ulipita mezani ukigonga glasi za watu, mpaka baba akakunong'oneza, "Mama, acha basi. Hizi ni za kukodi." Ukamjibu, "Ndiyo maana."

Jengo letu la Birkenring lina ngazi tano, kila moja na mlango wake wa nje, na paa moja refu. Nguo tunaanika darini, chini ya paa hilo. Ufunguo wa darini, uliofungwa kwenye mwiko ili usipotelee mfukoni, huzunguka mlango hadi mlango, kila nyumba wiki yake. Wewe ndiye uliyeilinda zamu hiyo. Bi Gudrun wa ghorofa ya pili bado anasimulia siku alipokujia na beseni la nepi, na nje mvua inanyesha.

"Traudel, niazime ufunguo. Saa moja tu."

"Wiki yako ni ijayo."

"Mtoto hana nepi kavu, mwenzangu."

"Zilete, nitazianika jikoni kwangu. Ufunguo una zamu yake."

Baba anasema wiki ile mlikula supu ya viazi chini ya nepi za watu.

Kisha ukuta uliotutenga na Magharibi ukaanguka na nchi mliyoizoea ikafutika. Watu waliimba barabarani. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa, na nyimbo zikaisha. Wanaume waliozoea kuamka alfajiri waliendelea kuamka alfajiri, ila sasa walikwenda kusimama kioskini na bia. Walitafuta wa kumlaumu, na hawakwenda mbali. Ngazi ya tano ya jengo letu ilikuwa bweni la Wavietnam, walioletwa na serikali ya zamani kutushonea mashati. Nao walikuwa wamepoteza kazi kama ninyi, tena kabla yenu.

Ilikuwa jioni ya Agosti, mwaka 1992, jua halijazama. Umati ulijaa mbele ya ngazi ya tano. Yalianza mawe, zikafuata chupa za petroli. Majirani walipiga makofi. Polisi walikuwapo, kisha hawakuwapo. Baadaye magazeti yaliandika kwamba zilikuwa fujo. Sisi tunaliita jambo kwa jina lake: watu walitaka kuwachoma watu wenzao.

Moto uliziba ngazi, waliokuwa bwenini wakashindwa kushuka, wakapanda. Walifika darini wakakuta mlango wa kuingilia upande wetu umefungwa. Wewe, ghorofa ya juu kabisa, ulisikia ngumi zao juu ya kichwa chako.

Wiki ile zamu haikuwa yako. Ufunguo ulikuwa kwa Bi Gudrun. Ametusimulia mwenyewe, bila kuficha.

"Nipe ufunguo, Gudrun."

"Wiki ni yangu. Si wewe uliyetufundisha?"

"Nipe."

"Ukiwafungulia, moto utawafuata huku. Tutaungua na sisi."

"Gudrun. Nepi za mwanao nilizianika juu ya supu yangu."

Akakupa.

Ulipofungua mlango, walipita katikati ya mashuka ya Gudrun yaliyoanikwa, mengine yakaanguka wakayakanyaga, wakateremka kwa ngazi yetu hadi nyumbani kwako. Walikaa sakafuni, jikoni, hata bafuni. Bi Nga, aliyekuwa amemshika mkono binti yake mdogo Hien, hajasahau kwamba hata saa ile uligonga glasi kwanza ndipo ukampa maji.

Lakini kabla ya kuteremka ulifika kwenye kidirisha cha paa, ukatazama chini. Hapa, Bibi, baba ametuomba tuandike. Alisema, "Iandikeni, au msiweke jina langu chini yake."

Baba alikuwa kwenye umati. Mwanao wa pekee, Torsten, kijana wa miaka kumi na saba, amevaa sweta la kijani ulilomfuma. Hakurusha kitu. Alipiga makofi.

 Wiki iliyofuata jengo lilifanya mkutano. Hakuna aliyetaja moto. Bwana Möbius, mwenyekiti wa jengo, alisimama akasema mashuka ya watu yamechafuliwa na ufunguo umetumika nje ya zamu.

"Utaratibu ni utaratibu, Bi Kaschner. Ulikuwa ukisema wewe."

"Kweli," ukajibu. "Nileteeni mashuka."

Ukayajaza bafuni, ukamwita baba.

"Fua."

"Yote?"

"Yote. Kwa mkono."

Alifua mpaka vidole vikachubuka. Alipofika kwenye shuka moja lenye alama ya masizi, unyayo wa kiatu kidogo cha mtoto, ulimnyang'anya. "Hili liache." Akauliza kwa nini. Ukamtazama, kisha ukasema, "Kalete na lile sweta lako la kijani. Nalo ni chafu."

Hapo ndipo alipojua kwamba ulimwona.

Baada ya hapo wengi jengoni waliacha kukusalimu. Walikupita ngazini wakitazama ukuta. Wewe uliwaamkia kila siku, mmoja mmoja kwa jina lake, na ufunguo ulipofika kwako uliupokea Jumatatu na kuupeleka mlango wa pili Jumatatu inayofuata, kama kawaida. Mwiko ulipovunjika ulinunua mwingine.

Wavietnam walipakiwa kwenye mabasi na kuhamishwa. Baadaye Bi Nga alirudi na Hien, akafungua kibanda cha maua karibu na stesheni. Kila siku yako ya kuzaliwa alikuletea shada. Baba alikuwa akiwapikia kahawa, akiwakatia keki ya plamu, na hakuthubutu kukaa nao meza moja. Tulidhani ana haya tu.

Siku zako za mwisho alikaa kitandani kwako.

"Mama, lile sweta..."

"Lilikauka?"

"Lilikauka, Mama."

"Basi livae."

Hatujui, Bibi. Baba anaamini ulielewa alichokuwa anaomba. Mama anasema zilikuwa dawa. Sweta halimtoshi tena. Siku ya mazishi alilishika mkononi, na watu walidhani anaona baridi.

Tulipomwambia kwamba tunaandika tangazo hili, alisema haifai Bi Nga alisome gazetini kama mtu baki. Alikwenda kibandani mwenyewe. Mimi, Friederike, nilimsindikiza, nikabaki mlangoni. Alieleza yote amesimama, kofia mkononi. Bi Nga hakuinua macho, aliendelea kukata vishina vya maua, kimoja baada ya kingine, hata pale ambapo havikuhitaji kukatwa tena.

"Torsten," alisema mwishoni, "kwa nini umengoja mpaka afe?"

Baba aliinama, akaanza kuokota vishina vilivyoanguka sakafuni.

"Jumapili nitaleta maua," akasema Bi Nga. "Kwa mama yako."

Baba aliitikia kwa kichwa. 

Lile shuka lenye unyayo bado liko kwenye droo yako ya chini, halijafuliwa. Masizi yanafifia. Bi Gudrun hajawahi kulidai.

Jumapili asubuhi, kengele za kanisa zikishalia, tutakuwa kaburini kwako. Baba atasimama mahali ambapo Bi Nga atapenda asimame.

Tunaokukumbuka ni mwanao Torsten, mkweo Anett, wajukuu wako Friederike na Till, na Bi Gudrun wa ghorofa ya pili, aliyeomba jina lake liwekwe pamoja na majina ya familia.

Ufunguo bado unazunguka na mwiko wake, na wiki hii uko kwetu. Jumatatu tutaupeleka mlango wa pili, kama ulivyotufundisha. Lakini kukukumbuka wewe hakuna zamu, Bibi. Ni sisi sote, ni daima.