Kilo Ishirini na Mbili za Nguo

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Huku ni wazima, baridi tu ndiyo inatukomesha.

Kilio chako nimekisikia: mikono imechubuka, mgongo hausemeki. Basi nimeamua, nakununulia mashine ya kufulia, tena siyo ya kufa mwezi wa pili. Niambie tu unafua kilo ngapi kwa siku. Muuzaji anasema bila kujua hilo atanibambikia yoyote.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tupo, tunamshukuru Mungu. Leo mama amekunywa vijiko sita vya supu, nikafurahi kama nimekula mimi.

Nimeazima mizani kwa jirani mwenye duka. Shuka tano, mataulo, magauni ya kulalia, blanketi moja: kilo ishirini na mbili. Hiyo ni ya kila siku, hata Jumapili hatupumziki.

Fundi Koleo, yule anayetengeneza friji na pasi hapa mtaani, anasema achana na zile zinazojaza maji zenyewe. Bomba letu linadondosha tu, mashine itasubiri maji mpaka ikate tamaa. Chukua ya matangi mawili, ya kumiminia ndoo: upande huu inafua, upande ule inakamua. Tangi la kukamulia liwe la chuma kisichoshika kutu, na iwe aina ambayo vipuri vyake anavyo.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, nyie je?

Kilo ishirini na mbili? Watu wawili, na mmoja hatoki kitandani? Muuzaji amecheka mpaka nimeona aibu. Anasema hizo ni nguo za watu kumi. Niambie ukweli, unafulia watu? Kama umefungua udobi sikukatazi, ila usinizungushe.

Halafu huyo Koleo wako amepitwa na wakati. Kuna ya mlango wa mbele, nzuri hiyo, mota yake ina dhamana ya miaka kumi. Nikuchukulie nyeupe au ya kijivu?

Mdogo wako

2 Mei

Dada,

Mwezi mzima kimya. Umenuna? Simu hupokei. Mama mzima kweli? Nijibu hata mstari mmoja, sina raha.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Mama yupo, kwa hali yake. Mimi pia nipo.

Nimechana barua mbili kabla ya hii, maana zilijaa matusi. Nilimpelekea Fundi Koleo malalamiko yako, akaniuliza, "Ulipima kavu au mbichi?" Kumbe mashine hupimiwa nguo kavu! Mimi nilipima mbichi. Haya, kosa langu. Lakini hizo kavu ningezipata wapi? Tangu mama alale, shuka yake haijawahi kufika kwenye beseni ikiwa kavu. Nambadilisha mara tano kwa siku. Mkojo una uzito, mdogo wangu. Ungekuja hata wiki moja usingeniuliza kama nafulia watu.

Na hiyo dhamana yako. Nilipoisoma nilikaa sakafuni nikalia. Miaka kumi! Nampenda mama, na Mungu anajua simwombei kifo. Ila nilijiona nimefika miaka arobaini na tisa, bado nimeinama kwenye beseni, na wewe bado unaniuliza rangi gani. Nina hasira na wewe tangu mwaka juzi, nimeificha kwenye salamu.

Kile kiwanda cha sare nilichokiacha mama alipolala kimeniita tena, niwe msimamizi wa washonaji. Ni mara ya pili, na wamesema hakuna ya tatu. Naanza tarehe moja Julai. Kwa hiyo nunua unayoipenda, mdogo wangu, maana atakayefua siyo mimi. Mama ni wetu sote wawili.

Dada yako

11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, dada. Barua yako nimeisoma kazini, chooni, mlango nimeufunga kwa ndani. Lile neno la kufulia watu nalijutia, nisamehe. Nilidhani nikituma mashine itahesabika kwamba nimekuja.

Nimechukua ya matangi mawili, ya ndoo, chuma kisichoshika kutu. Nilimpigia Fundi Koleo mwenyewe, akanitukana kidogo, kisha akanitajia aina. Itafika Ijumaa, tarehe ishirini na saba.

Mimi nafika Jumatano, siku mbili kabla yake. Siyo likizo, dada, kazi nimeacha. Hizo siku mbili nitafua kwa mkono, na wewe ukae kitako uniangalie, unicheke ukitaka. Tarehe moja uende kiwandani.

Nina ombi moja tu. Nifundishe jinsi ya kumgeuza mama bila kumuumiza. Sijawahi, na naogopa sana.

Mdogo wako