Hisa Hazitembelewi

Jumapili, Bariadi

Bado sijamjibu mwanangu Kulwa. Amenipigia tena kutoka Dar: "Baba, hela ya pamba usiilaze. Nunua hisa za ile kampuni ya mtandao tunaotumiana picha. Watu wamenasa kule, hawatoki."

Hapo hakukosea. Mimi mwenyewe nimenasa. Tangu mama yake afariki, nikimaliza kula naufungua mtandao huo, naangalia picha za wajukuu, halafu nasubiri kama kuna atakayeniandikia. Kampuni yenye wateja kama mimi itakosaje faida?

Mchana nilikutana sokoni na shemeji Masanja, kaka wa marehemu, nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hizo hisa tutakuja kuziangalia lini?"

Nilikereka. Nikamwambia hisa si ng'ombe. Akaaga, akaenda zake kijijini kwake Shishiyu.

Lakini swali lake halijanitoka kichwani. Zamani nikinunua ng'ombe, ukoo mzima ulikuja kumwangalia. Walimkosoa pembe, wakamsifu kiwele, wakala, wakalala hapa. Mama Kulwa alikuwa analalamika ugali hautoshi.

Kulwa atanicheka. Hisa huenda zingelipa zaidi, nakubali. Ila kesho naenda mnadani kutafuta mtamba, na nitamchagua mwenye kasoro, ili ndugu wakija kumwangalia wapate cha kubishania.