Saa Tano Kutoka Maskati

Jumanne, Nyarero. Mvua imenyesha tangu alfajiri na mahindi ya jirani yamelala chini. Mimi pia nimelala. Kifua kinabana, ila kidole kimoja bado kinaandika.

Leo nimeiuliza simu tena: kutoka uwanja wa ndege wa Maskati hadi wa Dar es Salaam ni mbali kiasi gani? Karibu kilomita elfu nne, saa tano na kitu angani. Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu, nikipima ramani kwa uzi. Najua hiyo ni njia iliyonyooka. Haihesabu foleni ya uhamiaji, wala ndege ya pili ya kwenda Mwanza, wala basi la kuja Tarime.

Wala haimhesabu bosi wa Bhoke.

Bhoke ni binti yangu wa mwisho. Anafanya kazi za ndani huko Maskati. Ameomba ruhusa aje anione. Bosi amesema mpaka mkataba uishe, na pasipoti anayo yeye. Saa tano hizo zinanisaidia nini?

Katika ukoo wetu, mzazi anayeondoka humbariki mtoto kwa kinywa. Anachukua funda la maji, anampulizia kifuani, ndipo anamtamkia maneno. Wakubwa zake wote nimeshawabariki. Amebaki yeye.

Jana Mwita, mtu wa rika langu, alikuja kunitazama.

"Mwalimu, hiyo baraka itie kwenye chupa, iende na ndege ya mizigo."

"Itafika imechacha," nikamjibu.

Mke wangu hakucheka. "Nyie wazee hamna adabu. Mtoto analia huko."

Sasa niseme jambo ambalo hata yeye halijui. Tangu nilipopooza upande wa kushoto, kila asubuhi najaribu, peke yangu. Nachukua maji, nakaza midomo, napuliza. Wiki iliyopita yalifika ukutani.

Leo yametiririka kidevuni, yakaishia kwenye shati langu.

Mke wangu alipouliza, nikamwambia nimepaliwa.

Bhoke alipiga mchana. "Shikamoo, Tata. Unisubiri, eeh? Usiende popote."

"Marahaba. Niende wapi na mvua hii?"

Akacheka. Nami nikacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Kufa naogopa, sikatai. Lakini naogopa zaidi siku atakayofika. Apige magoti hapa kando ya kitanda, afungue kifungo cha juu, afumbe macho akingoja, halafu nishindwe kupuliza. Ndege nimezihesabu zote. Mdomo wangu sikuuhesabu, na hakuna simu ya kuniambia umebakiwa na muda gani.

Kesho nitajaribu tena kabla mke wangu hajaamka. Yasipofika ukutani, sijui nitamwambia nini mtoto.