Gari la Fundi Halidi na Jiko Lako

Mama,

Kwanza usishtuke huko uliko. Walitaka kulibomoa jiko lako. Nasema walitaka, kwa hiyo rudi ulalie ubavu wako wa kulia, nikueleze taratibu.

Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Unguja, maana tangu tulipohamia huku Moroni, mji wa wazee wako, mimi bado mdogo, hukukubali tuseme lugha nyingine ndani ya nyumba. Sasa sina wa kusema naye. Kaka Saidi hunijibu Kingazija, majirani Kingazija, ofisini Kifaransa. Kiswahili nimebaki nacho peke yangu, nakisema na sufuria. Na miezi ya mwanzo hata hizo sufuria sikuweza kuzigusa, Mama. Nilikuwa naufungua mlango wa jiko, naiona mbuzi yako ya kukunia nazi imekaa ulivyoiacha, naufunga. Tulikuwa tukila mkate wa kununua, na Saidi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakulalamika.

Vyumba viwili vya juu nimevipangisha, kama ulivyoniusia. Mpangaji anaitwa Halidi, mwalimu wa hesabu, na kwa kuwa huku mwalimu tunamwita fundi, yeye ni Fundi Halidi. Ametoka Mutsamudu, kisiwa kingine. Mpole, msafi, hajaoa, na ana gari. Mtu wa Mutsamudu na gari! Ungecheka mpaka ushike ukuta. Mji wao ule, wanene wawili wakikutana kichochoroni, mmoja hurudi kinyumenyume. Amekulia humo, kuliweka gari mahali hakujua hata kidogo. Alikuwa akilisimamisha popote injini inapochoka.

Basi ofisi ya viwanja ikaniita. Karani ni kijana wa mtaa wetu, wa miaka thelathini na ushei. Hakuinuka wala hakunipa kiti. Akanisomea kanuni: anayempangisha mtu mwenye gari lazima awe na mahali pa kuliweka ndani ya kiwanja chake, la sivyo asipangishe. Akatandaza ramani ya nyumba yetu, kidole chake kikatua juu ya jiko lako.

"Hapa panatosha," akasema. "Bomoa hapa."

Kidole kilikuwa kimekaa juu ya mafiga yako, Mama. Nilitaka kukiuma.

Nikamwambia gari litakaa njiani kama magari mengine. Akasema katika mtaa wa kale ni marufuku gari kusimama. Na wakati anasema hayo, gari la wale askari wazungu wa kukodiwa wanaomlinda rais lilikuwa limesimama mlangoni pake, limeziba njia nzima, na mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani anapenya kwa ubavu. Tukaliangalia sote wawili. Karani akainamisha macho. "Hao hawaombi," akasema, sauti chini. Nikalikumbuka neno lako, ulilokuwa ukilisema dirisha likiwa limefungwa: hawa ni wapangaji wa ajabu, wao ndio humwambia mwenye nyumba alale chumba gani. Nikajibana midomo nisicheke mbele ya serikali.

Ikabaki njia moja, kuomba ruhusa ya pekee. Sharti lake, nilete karatasi ya mwenye uwanja wa karibu anayekubali gari likae kwake. Na uwanja wa karibu na sisi ni upi, kama si bangwe? Bangwe, ule uwanja wa wazee mbele ya msikiti, usio wa mtu mmoja na ulio wa mji mzima. Mwanamke hasimami pale kusema. Saidi naye ana mvi na watoto watano, lakini hajafanya harusi kubwa ya mila, kwa hiyo kwa wazee wa bangwe bado ni mtoto. Angefungua mdomo wangemtuma maji.

Alibaki ndugu yako mwenyewe, Mjomba Mmadi, ambaye harusi yake kubwa aliifanya hapa Moroni, nawe uliipikia mpaka mikono ikaumuka. Nikapanda boti kwenda Mutsamudu kumfuata. Nimetapika kutoka bandari hadi bandari, sitakuficha. Nikamkuta nyumbani kwa mkewe, kazungukwa na magunia ya karafuu. Aliponiona akaangua kilio, eti nimechukua pua yako. Mjomba akilia unamjua, kiti nacho hulia. Tukalia wote, tukamaliza, nikamweleza shida yangu. Kusikia neno bangwe tu, machozi yakakauka. Akamwita mkewe ampigie pasi joho.

Siku aliyosimama bangweni kusema sikuwepo, lakini dirisha letu la juu, pale ngazini, lipo, nawe ndiwe uliyenifundisha kulitumia. Alianzia kwa babu wa babu yetu, akapitia ndoa zote za ukoo, akawasifu wazee mmoja mmoja. Gari akalitaja mwisho kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kidogo. Wazee wakakubali. Karatasi wangetia sahihi Ijumaa baada ya sala.

Hapo mimi nikaharibu.

Fundi Halidi aliniuliza gari aliweke upande gani, maana jua linakula rangi. Nikamwambia, weka kule kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, karibu na lile benchi la mawe. Mama, miaka yote nimepita pembeni ya bangwe nikiinamisha macho kwa heshima, na anayeinamisha macho hajui nani anakaa wapi. Kumbe kile kivuli ni cha waliotimiza mila, na jiwe la mwanzo kabisa ni la Mzee Mbae, mkubwa wao. Alasiri Mzee Mbae akatoka msikitini na fimbo yake, akakuta pua ya gari imekaa mbele ya jiwe lake. Gari la mgeni, tena kapera! Wakubwa wamebaki wamesimama juani, gari limestarehe kivulini.

Karatasi ikazuiliwa. Wazee wakatoza faini ya mila: aliyekosa achinje mbuzi, awalishe wazee wote, ndipo wafikirie upya. Fundi Halidi akaanza kufungasha vitabu. Nami nikaketi kwenye kizingiti cha jiko lako nikalia, nikalia sana. Sikuwa nikililia gari. Nililia kwa sababu ungekuwepo ningekuuliza, na wewe ungeniambia jiwe la nani ni lipi hata kabla sijamaliza swali. Nimekukosa kwa mambo madogo hivyo, Mama. Makubwa nimeyaweza.

Kisha nikajifuta uso, nikawasha moto.

Jiko lilikuwa limekaa karibu mwaka mzima bila moto. Moshi ulinitoa machozi mapya, lakini hayo ya kawaida. Saidi akamchinja mbuzi wa faini, nami nikatwanga majani ya mhogo kwa ajili ya madaba, nikayapika na tui mpaka yakatoa mafuta juu, kama ulivyokuwa ukisema: ukiona maji, bado; ukiona mafuta, ita watu. Fundi Halidi alikuna nazi kumi na mbili kwa mkono wake, amekalia mbuzi yako magoti yakimgusa kidevu, akihesabu kwa sauti. Mjomba alionja. Alionja sana, ikabidi nimfukuze.

Wazee wakala pale pale bangwe, nami dirishani. Mmoja wao, tumbo limeshiba, akauliza kwa sauti ndogo mbona lile gari la wazungu husimama popote na halijawahi kutozwa faini. Wenziwe wakatazama nyuma. Mjomba Mmadi akameza tonge lake. "Tuwatoze," akasema, "lakini chakula chao atakula nani?" Wakacheka kwa kuziba midomo, mabega yanapanda na kushuka.

Mzee Mbae hakucheka. Alikula mpaka akalamba vidole, akauliza nani kapika. Wakamwambia ni binti yako.

"Huu mkono," akasema, "nilidhani tumeuzika."

Mama, nilikaa sakafuni chini ya dirisha. Sikusikia walichosema baadaye, ikabidi Saidi anisimulie.

Waliamua hivi. Gari litakaa bangwe, lakini upande wa vijana, pua imeelekea ukutani, na siku za Ijumaa na za ngoma za harusi liondoke. Mpaka Fundi Halidi atakapooa, ndipo gari nalo lifikiriwe. Aliyefurahi kupita wote ni Saidi, maana sasa bangwe ina aliye mdogo kuliko yeye. Kila asubuhi hulipiga gari makofi mgongoni akipita, kama kaka mkubwa.

Jumatatu Mzee Mbae aliipeleka karatasi ofisini mwenyewe, mimi nikimfuata nyuma. Yule karani kumwona akasimama wima, wino ukamwagika, kwa sababu naye bangweni ni mtoto tu. Safari hii kiti kilitoka, hata changu. Mzee hakukaa. "Andika," akamwambia. Karani akauliza kwa adabu aandike sababu gani, maana ruhusa ya pekee lazima iwe na sababu. Mzee akamwambia aandike ukweli: kiwanja hakina nafasi ya gari kwa kuwa kina jiko.

Akaandika. Na kwa kuwa makarani hawajui kuacha jambo bila sharti, akaongeza mstari wa chini, akausoma kwa sauti: ruhusa hii ni halali maadamu jiko lipo, na siku jiko litakapoondolewa, ruhusa nayo itakufa. Akagonga muhuri.

Umesikia, Mama? Kidole kile kile. Sasa kulibomoa jiko lako ni kuvunja sheria.

Karatasi nimeitia kwenye nailoni kwa ajili ya moshi, nimeitundika juu ya mafiga. Mjomba amesharudi Mutsamudu, na kwa mara ya kwanza ameondoka na chakula badala ya maneno. Fundi Halidi bado yupo. Nikimpelekea madaba siku hizi huuliza kama mtu anaweza kufanya harusi kubwa mji usio wake, kisha hutazama chini. Mimi huchukua sahani tupu nikashuka nayo. Ningekuuliza wewe.

Nakuahidi moto hautalala jikoni mwako Ijumaa yoyote, na sufuria zitaendelea kusikia Kiswahili. Na bangweni nitapita kwa heshima yangu ile ile, ila macho nitayainua kidogo, niyajue mawe yote, ili anayekuja baada yangu apate wa kumuuliza.

Mungu akunurishie kaburi lako, Mama. Pumzika sasa. Jiko haliondoki.

Mwanao,
Zaliha