Sauti Zangu Tisa Ziko Kwako Moba

Yaya Feza, dada yangu mukubwa,

Siku ya kwanza ya juma lililopita nilipoteza Kiingereza changu cha mwaka muzima: masomo kumi na nne niliyorekodi kwa sauti, yote ndani ya telefone yetu moja, uliyopanda nayo boti ya Moba kwenda kwenye harusi. Ulisema siku mbili. Leo ni ya tisa. Jumbe zangu sita hukujibu, njo maana ninaandika hapa kwenye kundi la familia, kwa telefone ya Mama Sifa, jirani yetu.

Unakumbuka tulivyoigawana ile telefone? Asubuhi yako, kuanzia saa nane yangu. Ratiba nilijipangia mwenyewe: kila somo kusikiliza mara tatu, kurekodi dakika tano. Tulijifunika blanketi ili kuku wa Mama wasilie ndani ya Kiingereza changu. Jasho lilitutoka. Kuandika ninaweza, lakini mbele ya ile telefone mudomo ulikuwa unakufa.

“Lete hapa nikusemee,” ulisema. “Si tumetoka tumbo moja? Mwalimu atajua nini?”

Nilicheka. Mara tano nilikupa telefone.

Sasa mashine ya mwalimu wa Kiingereza imeharibika na masomo yetu yote, mbele hajayasikiliza. Anataka tutume tena masomo kumi, mwisho siku ya posho, yaani Jumamosi, ili apate muda wa kusahihisha. Asiyetuma anarudia mwaka. Na wewe alikufundisha mwaka jana, sauti yako anaijua kuliko Papa.

Nimehesabu: zangu za kweli ni tisa tu.

Tangu hapo, telefone ya Mama Sifa ikilia ninakimbia kuitazama. Ninaogopa umezifuta ili picha za harusi ya huko zipate nafasi. Ninaogopa zaidi kwamba utamutumia mwalimu zote kumi na nne kwa kunihurumia, asikie wanamuke wawili ndani ya jina moja, na hata diplome yako waanze kuichunguza.

Basi usimutumie mwalimu kitu. Nitumie mimi zile tisa, kwa telefone hii ya Mama Sifa. Ya kumi nitaisema mwenyewe, hata nikikwama, na akinipa mbili juu ya ishirini nitazichukua.

Zile tisa bado ziko, ao umezifuta? Andika “ziko” ao “hakuna”. Ninangoja mpaka siku ya tano, ile ya kuamkia posho, saa sita ya muchana. Habari za harusi utanipa kisha.

Mudogo wako