Gitaa la Bakari na Lile la Ng'ambo

Jumatatu, 7 Oktoba
Mazoezi saa nane, onyesho saa kumi, kama kila siku. Wageni tisa kando ya bwawa la hoteli, chai na keki. Nimekaa pembeni ya jukwaa na gitaa langu kavu, lisilo na umeme, na sidhani kuna aliyenisikia. Hakuna anayeimba tangu Bakari azikwe. Juma anapiga ngoma, mimi nafuatia, wageni wanakoroga chai.

Wiki mbili sasa. Moyo, wamesema; alianguka jukwaani, gitaa shingoni. Sikuwepo siku hiyo, nilikuwa Msambweni nimempeleka mama kliniki. Bado naona vibaya kwamba sikuwepo.

Baada ya chai Meneja wa burudani ameniita. Nafasi ya Bakari ni yangu, kuimba na gitaa la mbele, mradi nipate gitaa la umeme kabla msimu haujachanganya. Amplifaya na maiki ni za hoteli, gitaa ni la mpigaji mwenyewe. Ndivyo ilivyo siku zote. Akanikumbusha sare mpya: kikoi, shanga, miguu mitupu. Imeanza mwezi uliopita, eti ndiyo asili ya Pwani. Marehemu baba alizaliwa Gazi na kuzikwa Gazi, na hakuwahi kusimama mbele ya watu pekupeku. Nimenyamaza. Naitaka nafasi.

Raba za Bakari bado ziko chini ya ngazi ya jukwaa, zimepangwa sambamba. Wafagiaji wanafagia wanazizunguka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ukunda. Duka moja tu lina magitaa ya umeme, mawili, yote ya Kichina. Moja shingo imepinda. La pili, nimevuta waya mmoja na kifundo chake kikanibakia mkononi. Muuzaji akanitazama kama mimi ndiye niliyelitengeneza. Nikarudi zangu.

Jioni Omari amepiga simu kutoka Bodo. Ni mdogo wake Bakari. Anauza gitaa la marehemu, na mimi ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nalijua lile gitaa. Jekundu, mgongoni limechubuka kwa chuma cha mkanda. Bakari alilileta kutoka Dar, likavuka mpaka wa Lunga Lunga limefungwa blanketi juu ya boda. Sijasikia sauti nzuri kuliko ile pwani yote hii. Sitaki kulishika.

Jumapili, 13 Oktoba
Bodo. Nimemwamkia mamake Bakari, shikamoo, amenipokea vizuri na uso wake umeisha. Mjane, Mwanajuma, yuko ndani, amekaa eda. Mali haijagawanywa, na Omari ameshalitoa gitaa uani na kulifuta vumbi. Nikamuuliza kama amemwuliza shemeji yake. Akasema mambo ya bendi hayamhusu mwanamke.

Hapo ndipo niliposema neno la kipumbavu. Nilimwambia aliyekuwa nalo Dar naye alianguka nalo mkononi. Kwamba gitaa lile lina mwenyewe, jini. Uongo mtupu. Sijui lilinitoka wapi. Labda nilitaka asiliuze haraka haraka. Labda nilitaka bei ishuke. Labda niliogopa tu nikatafuta pa kuutupa woga wangu. Omari alilirudisha blanketini bila kuligusa kwa vidole, na papo hapo akataja bei ya nusu. Nilifurahi, kisha nikajiona mchafu. Sikulinunua.

Nilipokuwa naaga, mama akaniletea salamu kutoka chumbani. Mwanajuma anauliza raba za mumewe ziko wapi. Maiti ililetwa miguu mitupu. Nikajibu nitazitafuta. Moyoni nilisema majonzi yana mambo, mtu amepoteza mume anauliza viatu.

Jumanne, 22 Oktoba
Habari zimetembea. Leo barazani hapa Gazi nimesimuliwa uongo wangu mwenyewe, na umenona: gitaa la Bakari linalia peke yake alfajiri, na Omari amelihamishia bandani kwa kuku. Nilitakiwa kucheka na kusema ni mimi niliyeutunga. Nikasema Mungu atuepushie.

Nimekata shauri. Naagiza la ng'ambo. Kupitia meli sitaweza, na mtu wa Lunga Lunga anayevusha vitu usiku simtaki. Nitamwomba Bi Greta. Ni mgeni wa hoteli wa kila mwaka, mwanamke wa Kijerumani, na kila mwaka sanduku lake moja ni la vitu vya wafanyakazi: miwani, viatu vya watoto, dawa ya magoti ya mpishi. Nimemwandikia. Amejibu siku hiyo hiyo. Mwanawe alinunua gitaa akalipiga mwezi mmoja, sasa liko kabatini. Atakuja nalo.

Ni kama jipya, na halijawahi kuwa la marehemu yeyote. Nilidhani nitalala vizuri.

Jumamosi, 2 Novemba
Limefika. Jeusi, linang'aa, bado lina karatasi ya plastiki mbele. Bi Greta aliniangalia nikilifungua akatoa machozi, mimi nikajifanya nasafisha miwani. Mama amelisomea dua na kulipulizia pande zote, hata kwenye tundu la waya. Nimempa pole zangu Bakari kimoyomoyo.

Vidole vinauma. Nimefurahi. Nasema wazi, leo nimefurahi.

Jumatatu, 4 Novemba
Onyesho langu la kwanza mbele.

Asubuhi ilinyesha, na watoto wa wageni walikuwa wakiruka bwawani, mbao za jukwaa zimelowa. Kikoi, shanga, miguu mitupu. Nilipiga mapigo manne, Juma akaingia, nikausogeza mdomo kwenye maiki.

Nikapigwa na stima. Mdomo, meno, mpaka kwenye nyayo. Nilirudi nyuma nikakanyaga waya, wageni wakadhani ni mtindo, wakapiga makofi. Nimeimba nyimbo zote kwa umbali wa shibiri, damu mdomoni.

Gitaa hili halina mwenyewe. Limetoka kabatini Ujerumani.

Nikakumbuka. Bakari alikuwa akisema maiki yake ina wivu, akiikaribia sana inamng'ata. Tulicheka miaka mitatu. Lakini miaka hiyo yote alikuwa na raba miguuni. Aliyaanza maonyesho ya miguu mitupu Jumatatu. Alikufa Alhamisi.

Nimemshika Juma nyuma ya jiko. Yeye alikuwepo. Nikamwuliza Bakari alianguka vipi. Alichungulia jikoni kwanza.

"Rashidi, mkono wake haukuiachia maiki. Tulimvuta, haukuachia, mpaka mtu alipochomoa waya ukutani."

Kwa nini hukusema? Aliambiwa ni moyo, aseme moyo, ana watoto wanne. Sikumgombeza. Ningekuwa yeye, sijui.

Jumatano, 6 Novemba
Nimeutazama ule waya unaopita chini ya jukwaa kabla watu hawajaja. Una nyuzi mbili tu ndani. Uzi wa tatu, wa kupeleka stima ardhini, haupo. Mtu ameuzungushia waya utepe mweusi, na utepe umechakaa. Umekaa hivyo miaka.

Nimemwambia Meneja. Nimeomba mawili, fundi na viatu. Alinisikiliza vizuri, ni mtu wa adabu, akanimiminia hata maji. Fundi atakuja msimu ukipungua. Viatu, hapana, picha za tangazo zimeshapigwa. Na Bakari alikuwa na moyo, karatasi ipo. Akasema kama naogopa, nisione haya, kuna kijana Ukunda anaulizia nafasi kila siku.

Nikasema siimbi pekupeku juu ya maji. Akaandika kitu. Basi, imekwisha, dakika tano.

Nilipotoka nimezichukua raba za chini ya ngazi, nimezifunga kwenye gazeti. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 7 Novemba
Juma ameniletea habari. Kijana anaitwa Kelvin, mtu wa bara, mzuri sana kwa gitaa. Anaanza kesho. Hakuwa na gitaa lake. Amelipata Bodo, jekundu, kwa bei ya bure kabisa, kwa sababu huku hakuna mtu anayekubali kuligusa.

Mimi ndiye niliyemnunulia. Kwa mdomo wangu.

Nimempigia simu. Nilianza na salamu, nikaingia kwenye maiki, na kabla sijafika kwenye waya akaanza kucheka. Si kwa ubaya.

"Mzae, hizo story za majini nimeshashow kila mtu, mimi siogopi. Ndio maana niliipata cheap."

Nikasema si jini, ni stima. Akasema sawa, sawa, asante mzae, Mungu mbele. Nimehisi kwamba anadhani nataka nafasi yangu irudi. Nilipopiga tena hakushika.

Mawingu kuanzia upande wa Msambweni. Joto halipumui. Mama ananiuliza mbona sili.

Ijumaa, 8 Novemba
Imenyesha tangu adhuhuri. Sikumsikia khatibu hata neno moja, Mungu anisamehe. Nilipotoka msikitini nikapanda boda mpaka Ukunda, nikanunua testa, ile bisibisi ya mafundi yenye taa ndogo kwenye mpini, inayowaka penye stima. Saa tisa na dakika arubaini nilikuwa langoni. Askari ananijua, akanipa pole ya kazi, akanifungulia.

Kelvin alikuwa jukwaani. Ana uso wa kitoto kuliko sauti yake. Shanga, kikoi, nyayo nyeupe juu ya mbao zilizolowa. Gitaa la Bakari shingoni. Anajaribu sauti, hajaisogelea maiki bado. Juma nyuma ya ngoma akaniona, akaviweka vijiti chini.

Nilipanda na raba zangu. Sikumsalimia. Nikamwambia asisogee, aangalie. Nikavua kiatu kimoja, nikaukanyaga ubao mkavu ulio nyuma, kidole juu ya testa, nikaigusisha kwenye wavu wa maiki.

Taa ikawaka. Nyekundu, imetulia, haipepesi.

Niliondoa, ikazima. Niligusa tena, ikawaka. Wageni wa meza ya mbele walikuwa wakitabasamu, wanadhani ndivyo tunavyoanza.

Kelvin aliitazama taa, akaitazama miguu yake. Akalivua gitaa taratibu, akashuka kwa kurudi nyuma, akakaa kwenye ngazi.  Juma akaenda ukutani akachomoa waya. Hakuambiwa na mtu.

Meneja akaja na mwavuli. Hakupaza sauti. Muziki wa kanda ukawekwa, na sisi watatu tukasindikizwa mpaka langoni. Kelvin akanipa gitaa njiani. Nikamwambia ni lake, amelinunua. Akasema liende kwao, halikuwa la kuuzwa.

Jumanne, 12 Novemba
Bodo. Nimelala vibaya siku nne, nikaona niende nimalize.

Nilikaa ukumbini na mamake Bakari na Omari. Mwanajuma alikuwa nyuma ya pazia la chumba, namsikia anavyopumua. Nilianza na uongo wangu, kwa sababu ndio uliokuwa mzito. Kwamba hakuna mtu wa Dar, hakuna jini, ni mimi. Omari alikasirika, na ana haki. Kisha nikasema la waya, la maiki, la mkono. Mama alilia bila sauti. Omari atakwenda kituoni kwa polisi, nami nitakwenda kusema niliyoyaona. Juma amesema atafikiri.

Nikiwa njiani Juma alikuwa amenitumia ujumbe. Hoteli imebandika tangazo langoni, inataka mpiga gitaa na mwimbaji. Waya uko pale pale. Watampata mtu, watu wana shida. Na gitaa lake awe amelinunua Ukunda au limetoka ng'ambo, maiki ni ile ile. Mwezi mzima nimelitazama gitaa.

Jekundu nimeliegemeza ukutani, litagawanywa na mali nyingine. Jeusi liko kwangu ndani ya begi. Sijalifungua.

Kisha nikazitoa raba kwenye gazeti, nikazipitisha chini ya pazia.  Nikasikia anazigeuza, anapitisha kidole kwenye nyuzi. Akauliza, na hakumtuma mama safari hii, akauliza mwenyewe:

"Alizivua mwenyewe, au alivuliwa?"

Nikamwambia tuliambiwa tuvue, tukavua. Sote. Hakuna aliyebisha.

 Kuku walikuwa wakiparua uani. Halafu raba zikarudi chini ya pazia, zimefungwa nyuzi vizuri, na mama akaniambia Mwanajuma anaomba niziweke nje mlangoni, upande wa kulia, alikokuwa akiziacha kila akirudi kazini.

Nimeziweka. Nikavaa zangu, nikaondoka.