Hasi Moja kwa Mbili

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Nimeficha jambo miaka thelathini na mmoja. Ile alama ya kugawanya namba kamili katika lugha ya kompyuta tuliyoitunga, iliyomfanya rafiki yangu Damas afukuzwe kazi kule Sundbyberg, niliiandika mimi. Si yeye. Basi, limeandikwa. Uji wa msichana wa hemtjänst, anayehudumia wagonjwa majumbani, unanuka chuma.

Jumatano, 12 Novemba
Xavérine, binti wa Damas, alikuja na mwenzake Clinton. Ndio wanaoitunza ile lugha yetu ya programu sasa, kwa kujitolea. Tangu aibu ile, watumiaji hugawanya kwa desimali, kisha wanakata sehemu ya desimali wenyewe. Hawa wanataka kuurudisha mgawanyo wa namba kamili. Clinton anataka alama: fupi, imezoeleka. Xavérine anataka funksheni mbili—moja ishushe jibu hadi namba kamili ya chini siku zote, nyingine ilikate kuelekea sifuri—ili mwandishi wa programu alazimike kuchagua.
"Alama inanyamaza, tonton Désiré. Jina linasema."
Tonton, mjomba! Na maneno ya baba yake, yale yale! Clinton akamtania: kwa majina marefu hivyo, programu itakuwa tangazo la kanisa. Nikacheka nao. Kicheko changu kinanitia kinyaa.

Jumamosi, 15 Novemba
Shuka zimebadilishwa mara mbili. Ninanuka.
Ujumbe wa Xavérine: niandike aya moja ya historia, kwa nini alama ya zamani ilifutwa. Niandike kweli tu. Papa Damas amekubali jina lake libaki kwenye kosa.
Amekubali! Amebeba uchafu wangu miaka yote hii, na bado anakubali.

Jumapili, 16 Novemba
Aya, basi. Chumba baridi cha dawa. Programu iligawanya joto kwa mbili kupata ngazi. Ngazi ikiwa chini ya sifuri, kengele ilie. Usiku wa Desemba joto likafika hasi moja. Kwa mbili ni hasi nusu; alama ikaikata ile nusu, ikatoa sifuri. Kengele kimya. Insulini yote ikaganda.
Bosi akasema tuliipima Julai, na kwetu tulikotoka hakuna joto chini ya sifuri. Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nimeshafuta jina langu kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, nikaweka la Damas. Yeye wa Bujumbura, mimi wa Uvira, ziwa moja! Nami nikadakia: kweli, Damas hajazoea theluji.
Mdomo huu huu ndio unaopokea komunyo.

Damas amekuja. Kutoka Fittja mpaka hapa Jakobsberg, na fimbo, na bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, kwa ajili yangu. Yuko sebuleni na Xavérine, wanangoja aya. Mlango uko wazi.
Binti anauliza ilikuwaje watu wawili wenye shule yote ile wasahau baridi.
"Usimwingize Désiré," anasema Damas. "Yule, ingekuwa kazi yake, angeipima kwa namba hasi, angeliona kosa siku ileile."
Niliipima, Damas. Julai ileile, kabla ya kuikabidhi. Hasi moja kwa mbili. Nikaona sifuri. Nikajua. Nikaenda kula.